Kushuka Mto wa Korongoni kwa Boti ya Mpira: Mwongozo Kamili

Mto unaopita korongoni ukishauingia, kuta hazikupi nafasi ya kubadili mawazo. Katika Grand Canyon huko Marekani, mto Colorado hupita kilomita 446 kutoka Lees Ferry hadi Grand Wash Cliffs, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina mahali pa kupanda ukatoka kwa miguu. Ndiyo maana uamuzi mkubwa wa safari kama hii haufanywi majini. Hufanywa kabla ya kuondoka, unapotazama kiwango cha maji, kisha hurudiwa ukingoni mwa kila poromoko kubwa kabla ya kulishuka.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku 3 hadi 7 kwa boti za mpira za kujazwa hewa, kwa kikosi cha watu 6 hadi 12, ambapo nahodha wa kila boti tayari ameuzoea mto wa aina hii. Asiyejua kabisa aanze na mto mwepesi, mikononi mwa anayejua. Kusoma peke yake hakumfundishi mtu kupiga kasia.

Kwanza, mto una maji kiasi gani?

Wingi wa maji hupimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, kwa hiyo mto wa mita za ujazo 40 unapitisha tani 40 mbele yako kila sekunde. Mito mingi ina vituo vya kupimia, na mamlaka za maji hutangaza vipimo vyake. Usichukue namba ya leo peke yake. Tazama za siku 10 zilizopita uone kama mto unapanda au unashuka. Mto unaoshuka hufichua mawe taratibu na tabia yake hutabirika. Mto unaopanda huja na magogo, matope na takataka, na hali unayoiona asubuhi si utakayoikuta mchana.

Pasipo na kituo, jipimie mwenyewe. Tafuta sehemu iliyonyooka, yenye upana usiobadilika sana. Pima mita 30 kando ya maji, tupa kipande cha mti katikati ya mkondo, hesabu sekunde. Kikichukua sekunde 20, kasi ya juu ya maji ni mita 1.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, upate karibu 1.28. Sasa zidisha kwa upana na kwa wastani wa kina: mto wa upana wa mita 20 na kina cha mita 1.5 unapitisha kama mita za ujazo 38 kwa sekunde. Ni makadirio, lakini yanatosha kukuambia kama mto wa leo ndio ule ulioelezwa kwenye ramani yako.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya maji hupanda kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara 2, msukumo juu ya mtu au boti iliyokwama huwa mara 4. Hapo ndipo wengi hujidanganya: wanaona maji yamepanda kidogo tu, kumbe kazi ya kuokoana imekuwa nzito maradufu na zaidi.

Kama kuna bwawa la umeme juu ya mto, ulizia ratiba yake ya kufungulia. Mito hiyo hujaa na kupwa kila siku kama pwani, ila saa hutofautiana kadiri unavyoenda chini: maji yaliyofunguliwa asubuhi yanaweza kukufikia usiku ukiwa umelala kilomita 100 mbele. Tena chini ya bwawa refu maji hutoka kilindini na hubaki baridi hata jua likiwa kali namna gani.

Sasa andikeni namba 2: kiwango cha chini ambacho boti zitakwama kwenye mawe, na cha juu ambacho kikosi chenu hakitashuka. Ziandikwe nyumbani, wote wakiwa wametulia. Mkifika ukingoni mkakuta namba ya juu imepitwa, safari imeahirishwa. Watu waliokwisha kusafiri mbali na kugharamika hawaamui vizuri wakiwa wamesimama mbele ya maji.

Kwa nini poromoko liko pale lilipo

Poromoko hapa ni ile sehemu mto unapoteremka kwa kasi kati ya mawe, ukitoa povu na mawimbi. Katika makorongo mengi maporomoko hayakutawanyika ovyo. Mvua kubwa inaponyesha kwenye kikorongo cha pembeni, hushusha matope na majabali hadi mto mkuu, na rundo hilo huubana mto. Juu ya rundo maji hutuama na kuwa kimya. Kwenye rundo lenyewe huteremka kwa ghafla. Chini yake, maji yanayozunguka pembeni huangusha mchanga na kutengeneza ufukwe. Ukilielewa hili, ramani inaanza kusema. Kila kikorongo kikubwa kinapoingia, tarajia utulivu, kisha poromoko, kisha mahali pa kuweka kambi.

Colorado ndani ya Grand Canyon huonyesha hali hiyo vizuri. Karibu nusu ya mteremko wote wa mto iko kwenye asilimia 9 tu ya urefu wake. Kwa hiyo wastani wa mteremko, ambao pale ni kama mita 1.5 kwa kilomita, haukuambii kitu kuhusu ugumu. Na rundo hubadilika. Poromoko la Crystal halikuogopwa sana hadi Desemba 1966, mvua iliposhusha majabali kutoka kikorongo chake ikaubana mto. Tangu hapo limekuwa kati ya yanayoogopwa zaidi katika korongo lote. Ramani ya zamani ni msaada, si ushahidi.

Miamba nayo ina lugha yake. Mwamba mgumu, kama ule mweusi wa zamani sana wa Upper Granite Gorge, sehemu ya ndani ya Grand Canyon, au basalti, yaani mwamba wa volkano, ya korongo la Batoka kwenye Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria, huacha njia nyembamba, kuta za wima na fukwe chache. Humo panga mahali pa kulala mapema. Penye mwamba laini korongo hupanuka, likatoa matuta na fukwe. Chokaa huwa na mapango na chemchemi zinazobubujika ukutani. Utaziona kwa mbali kwa kijani cha mimea iliyoning'inia pasipo na kitu kingine kinachoota. Kwenye kila kona, upande wa nje ndio wenye kina na kasi, na mara nyingi maji yameula mwamba kwa chini. Upande wa ndani ndiko mchanga unakolala. Asiye na uhakika wa njia akate kona kwa ndani.

Boti na mzigo

Boti ya mita 4 hadi 5 inabeba watu wachache na mizigo ya wiki. Ijaze hewa kwa zamu: kila chumba nusu kwanza, kisha rudi mwanzo uvikaze vyote. Ukijaza kimoja hadi mwisho huku cha jirani kikiwa kitupu, ukuta wa ndani unaovitenganisha husukumwa upande mmoja na unaweza kuchanika. Shinikizo la kawaida ni kati ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 2 na 2.5, lakini soma lililoandikwa karibu na vali. Boti iliyokazwa asubuhi ya baridi ikaachwa juani saa sita mchana inaweza kupasuka, maana hewa hutanuka. Ukisimama kwa chakula, punguza kidogo. Kinyume chake, boti iliyojazwa juani hulegea ikigusa maji baridi. Ikaze tena kabla ya poromoko la kwanza, kwa kuwa boti iliyolegea hujikunja katikati ya wimbi na haisikii kasia.

Mizigo mizito, yaani maji, vyakula vya makopo na sanduku la choo, ikae chini na katikati. Funga kila kitu kwa mikanda ya kukazia, na ncha za mikanda zifichwe. Hakikisha hakuna kitanzi wala kamba inayoning'inia popote, kwa sababu boti ikipinduka kitanzi hicho ndicho kitakachonasa mguu wa mtu. Jaribio rahisi ni kujiuliza: boti hii ikigeuzwa juu chini sasa hivi, nini kitadondoka?

Kila mtu avae jaketi la kuokolea lililokazwa kiasi kwamba ukilivuta mabegani halipandi hadi masikioni, helmeti yenye mkanda wa kidevuni, na viatu visivyochomoka miguuni. Kwa kila boti weka: kasia 1 la akiba (2 kama njia ni ndefu), mfuko wa kamba ya kurushia yenye urefu wa mita 20 hivi na inayoelea, pampu, viraka na gundi ya mpira wa boti yenu hasa, kisu kifuani mwa nahodha, karabina (pete za chuma za kufungia kamba) na kamba za kuvutia boti iliyokwama. Sanduku la huduma ya kwanza na chombo cha mawasiliano ya setilaiti vigawanywe kwenye boti tofauti. Simu ya kawaida haishiki mtandao kati ya kuta ndefu, na hata setilaiti huhitaji anga la wazi, hivyo jifunzeni mapema kusubiri ujumbe uondoke.

Kulisoma poromoko

Dalili ya kwanza ni mto kupotea mbele yako: unaona mstari uliolala, na vinyunyizo vya maji vikiruka nyuma yake. Hapo egesha boti, juu kabisa, mbali na pale maji yanapoanza kuteremka. Anayeahirisha kuegesha hadi asikie ngurumo vizuri huenda akakuta mkondo umekwisha kumchukua.

Shuka kwa miguu hadi mwisho wa poromoko kwanza. Angalia kuna nini chini yake: dimbwi tulivu la kuokotea watu, au poromoko jingine? Kisha panda ukirudi, ukiunda njia kutoka mwisho kwenda mwanzo: lazima nitokee pale, kwa hiyo katikati niwe hapa, kwa hiyo niingie kwa huku. Watu wanaoanza juu huona mlango mzuri tu, wasijue unawapeleka wapi.

Yasome maji hivi. Maji laini yenye umbo la V linaloelekeza ncha chini ya mto ni ulimi, njia yenye kina kati ya vizuizi 2. V yenye ncha kuelekea juu ya mto ina jiwe pale kwenye ncha. Mawimbi makubwa yaliyopangana na kusimama mahali pamoja kwa kawaida hupitika, mradi boti iyakabili kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele. Maji yanayopita juu ya jabali kisha kudondoka na kujikunja kurudi nyuma ni shimo. Tazama ncha zake za pembeni: zikielekea chini ya mto, kitu kinachonaswa hutemwa kwa pembeni, zikielekea juu, hukishikilia, nalo hulisogelei. Gogo au matawi ambayo maji yanapita katikati yake ni chujio, na ndiyo hatari mbaya kuliko mawimbi yote, kwa sababu maji hupita na mtu hubaki amebanwa. Hivyo hivyo mwamba ulioliwa chini: utautambua kwa kuwa maji yanaugonga bila kutengeneza uvimbe mbele yake.

Chagua alama 2 au 3 utakazoziona ukiwa umekaa ndani ya boti. Chuchumaa usawa wa maji uzitazame tena, kwa maana kutoka juu ya mwamba kila kitu huonekana chepesi na wazi. Kisha tupa kipande cha mti uone kinapelekwa wapi. Kama hamna jibu la "boti ikipinduka pale, nani atamfikia mtu na kwa njia gani", lipiteni kwa nchi kavu. Kubeba mizigo juu ya mawe kwa saa 3 ni kazi ya kuchosha, lakini ni kazi ya kawaida ya mto huu.

Kupita

Boti ya makasia huongozwa kwa kuikimbia hatari. Elekeza omo kwenye jiwe unaloliogopa, boti ikiwa imekaa mshazari, kama nyuzi 45 dhidi ya mkondo, kisha vuta makasia kurudi nyuma. Kuvuta kuna nguvu kuliko kusukuma, na unakiona kinachokutisha muda wote. Anza kuvuta mapema. Mikupuo 3 juu ya poromoko hufanya kazi ya mikupuo 15 ndani yake. Wimbi au shimo lisiloepukika lipokee kwa omo moja kwa moja, usiache kusukuma, kwa kuwa boti iliyopoteza mwendo ndani ya shimo hugeuka ubavu na kupinduka.

Boti ikikokotwa ubavu kwenye jiwe, wote warukie upande wa jiwe mara moja. Mwili hukuambia ukimbilie upande wa pili, na ndio utakaouzamisha: maji hupanda juu ya ubavu ulio juu ya mto, huukandamiza, na boti hujibandika juu ya jiwe.

Boti zipite moja moja. Ya kwanza ikishashuka iegeshe kwenye mkondo wa kurudi, yale maji ya pembeni yanayozunguka kwenda juu, na watu 2 wasimame na mifuko ya kamba kabla ya ya pili kuanza.

Mtu akiwa majini

Alale chali, miguu mbele na juu, vidole vionekane, magoti yamekunjwa kidogo. Asisimame kamwe penye maji ya kasi yanayozidi magoti: mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo humlaza kifudifudi na kumshikilia hapo. Akiona maji ya kurudi pembeni, ageuke tumboni aogelee kwa nguvu zote kuvuka mpaka wake. Kwenye chujio kanuni hugeuka: kama haliepukiki, aliendee kichwa mbele, tumbo chini, apige mbizi ya juu kwa juu na kulipanda.

Anayerusha kamba aite kwanza, wakutane macho, kisha aurushe mfuko upite kidogo juu ya mtu ili kamba imwangukie kifuani. Asiizungushe mkononi. Aliyeokolewa aishike kamba, si mfuko, aiweke begani na kulala chali; mkondo wenyewe utamzungusha hadi ukingoni.

Katika maji ya baridi kali, dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, na mikono inaweza kufanya kazi ya maana kwa kama dakika 10. Jitihada yote ifanyike ndani ya muda huo. Akitoka, mvue nguo mbichi, mfunike, mpe kitu cha moto chenye sukari kama anameza vizuri.

Kambi

Tafuta mstari wa takataka za mafuriko: majani makavu, vijiti na povu lililokauka juu ya mawe. Lala juu yake. Usilale mdomoni mwa kikorongo, hata kama mchanga wake ni mzuri kuliko wote, kwa sababu umeshaona jinsi rundo lile lilivyofika pale. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji jioni na ukitazame kabla ya kulala. Boti zifungwe kwa kamba 2, kila moja kwenye nguzo yake, jabali au mti mzima. Maji yakishuka usiku, boti yenye mzigo hubaki nchi kavu na haisukumiki. Kwenye mito ya mabwawa mtu aamke mara moja usiku kuzisogeza.

Kutembelea vikorongo vya pembeni ni nusu ya raha ya safari, lakini humo ndimo watu hufia chini ya anga la buluu. Tarehe 12 Agosti 1997 watu 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Ingia asubuhi, si mchana wa mawingu. Kila baada ya dakika chache tazama ni wapi ungepanda. Kijito kikibadilika rangi, kikianza kuleta vijiti, au ukisikia mvumo usiokoma kutoka juu, usirudi kwa njia uliyojia. Panda hapo hapo.

Maji, choo na moto

Maji yenye tope yaache yatuame kwenye ndoo usiku kucha. Yakigoma, koroga shabu kidogo, kama nusu kijiko cha chai kwa lita 20, kisha acha saa moja au zaidi na uchote ya juu. Chemsha kwa dakika 1 kamili, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, ni matone 2 kwa lita ya maji maangavu na kusubiri dakika 30. Lakini haiui vimelea vyote, kwa hiyo kuchemsha ndiko bora.

Kinyesi hutoka na nyie. Fukwe za korongoni ni chache na hutumiwa na kila kikosi, wala mchanga mkavu hauozeshi haraka. Tumieni sanduku la chuma lenye mfuniko wa mpira, na mkojo usiingie humo, maana hulijaza upesi na kuleta gesi. Mkojo kwenye mto mkubwa huenda mkondoni. Kwenye kijito kidogo, mita 60 kutoka majini. Kanuni za eneo zikisema vingine, zifuateni. Maji ya vyombo yachujwe kwa kitambaa na makombo yaingie mfuko wa taka. Moto uwashwe ndani ya karai la chuma lililoinuliwa juu ya mchanga, kwa kuni zilizokokotwa na mto tu, na majivu yaliyopoa yabebwe.

Mkishatoka majini, osheni boti siku hiyo hiyo, ondoeni mchanga chini ya mikanda na kwenye vali, na ziacheni zikauke kabisa hadi ndani ya mikunjo. Mchanga husaga mpira ukiwa umekunjwa, na unyevu husafirisha mbegu na konokono wadogo hadi kwenye mto mwingine ambao haukuwa nao.